Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Bunduki ina faili, mlinzi hana

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira za ng'ambo,
Nairobi.

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa kamati zinazosimamia kazi, ulinzi na mambo ya nje.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: WAKENYA WANAOPELEKWA NG'AMBO KUSHIKA BUNDUKI ZA KAMPUNI ZA KIBINAFSI

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni koplo mstaafu wa jeshi letu, na kati ya 2009 na 2010 nilikuwa mlinzi wa kampuni ya kibinafsi nchini Iraki. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizipeleka kwa mkono wangu katika ofisi tofauti za serikali, na nakala zake ninazo, kila moja ina muhuri wa kupokelewa. Muhuri ndio jibu pekee nililowahi kupata. Mara ya mwisho karani mmoja mwenye huruma aliniambia, "Mzee, hapa si mahali pake. Na sikufichi, hata mimi sijui mahali pake ni wapi." Sikumkasirikia. Ndiye mtu wa kwanza kunieleza hali ilivyo, na ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, niseme kidogo. Baada ya vita vya Iraki kuanza mwaka 2003, Marekani ilikodi kampuni za kibinafsi zilinde kambi, balozi na misafara yake, na kampuni hizo nazo zikatafuta walinzi wa bei nafuu. Uganda ilianza kupeleka watu mwaka 2005 na ikapeleka maelfu. Waperu walikuwapo. Sisi Wakenya tulikuwa wachache, tumechanganywa na Waganda, na kwa kuwa wengi wao walitoka katika jeshi linalotumia Kiswahili, lugha ya kule kwenye minara ya ulinzi ikawa Kiswahili. Msimamizi wetu Mmarekani aliondoka pale akiamini sote ni watu wa nchi moja. Hatukumsahihisha.

Sasa linganisha, Mheshimiwa. Hapa nyumbani mlinzi wa benki hupewa rungu, tochi na firimbi, na sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016 inataka asajiliwe na afunzwe kabla hajasimama langoni. Raia anayetaka bastola huomba cheti, huchunguzwa, na nambari ya bastola yake huandikwa. Lakini mtu yule yule wa rungu akichukuliwa na wakala, akapandishwa ndege na kukabidhiwa bunduki ya rashasha katika nchi yenye vita, hakuna daftari la serikali linalofunguliwa kwa ajili yake. Nilipouliza kuhusu sheria ya 2016, niliambiwa hiyo ni ya walinzi wa hapa.

Naomba niyaeleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Mkataba tunaousoma tukiwa tumeshafika

Tulikuwa kumi na wanne. Wakala alituahidi dola 1,000 kwa mwezi, na kila mmoja wetu alikuwa amemlipa shilingi 80,000 za "kushughulikia karatasi". Zangu zilitokana na ng'ombe wawili. Mkataba hatukuuona hadi usiku wa safari, pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kwenye maegesho ya magari. Wakala aliuweka juu ya boneti ya gari lake, akamulika kwa simu. Kurasa zote alikuwa amezikunja nyuma, umebaki wazi ule wa mwisho tu, na kidole chake kimekaa pale pa kutia sahihi. "Haraka jamani, milango inafungwa." Nikatia sahihi. Mtu aliyeuza ng'ombe wawili hasemi "ngoja kwanza nisome" saa nne za usiku.

Nilikuja kuusoma siku ya tatu, nikiwa kitandani kambini. Mshahara: dola 600. Kampuni ina haki ya kunihamishia "eneo lolote la kazi" bila kuniuliza. Nikiacha kazi kabla ya miezi kumi na miwili, nauli ni juu yangu. Ugomvi wowote kati yetu utasikizwa katika mahakama ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga wala sina viza ya kuingia.

Mheshimiwa, wakala yule hakuwa tapeli wa kichochoroni. Alikuwa na ofisi katikati ya jiji, na leseni yake ilining'inia ukutani ndani ya fremu. Ilikuwa leseni halali ya kupeleka watu ng'ambo, ile ile inayopeleka wahudumu wa hoteli na mayaya. Najua mengi yamebadilika tangu hapo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliundwa kwa sheria ya 2016 na mawakala wanasajiliwa, na hilo nalishukuru. Lakini vijana wa hapa Gilgil, wengi wao watoto wa wanajeshi, bado huniletea mikataba niwasomee kabla hawajaondoka. Mwezi uliopita nililetewa mmoja wenye maneno "eneo lolote la kazi" vile vile, karibu neno kwa neno. Kazi iliyoandikwa juu ni "afisa wa usalama". Kama ataishika bunduki au hataishika, mkataba hausemi.

2. Risasi ikitoka, nani anajibu?

Septemba 16, 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater waliokuwa wakilinda msafara wa wanadiplomasia wa Marekani walimimina risasi katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Raia 17 wa Iraki walikufa. Iraki haikuweza kuwashtaki, kwa sababu Agizo Nambari 17 lililoachwa na utawala wa Wamarekani mwaka 2004 liliwapa wakandarasi wa kigeni kinga dhidi ya sheria za Iraki. Wanne walihukumiwa huko Marekani mwaka 2014, kisha Rais Trump akawasamehe Desemba 2020. Ukitaka kujua serikali inaweza kwenda umbali gani kumlinda mtu wake wa kampuni, hata anapokuwa na hatia, hapo umeona.

Upande wetu ulikuwaje? Mafunzo yangu ya kampuni yalichukua siku nne. Siku ya tano nilipewa kadi ndogo ya plastiki yenye kanuni za kufyatua risasi, imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, nikapelekwa mnarani. Usiku mmoja wa Novemba lori liliacha barabara likaja moja kwa moja kwenye kizuizi, taa zimewaka zote. Nilipiga kelele, nikawasha taa ya onyo, halikusimama. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Mwenzangu Mganda, mzee aliyenizidi miaka kumi, alisema taratibu, "Hesabu hadi tatu, kijana." Nilipofika mbili lori likagonga mifuko ya mchanga na kuzima. Akashuka mzee mwenye kanzu, mikono juu, analia. Lilikuwa limebeba matikiti maji, na breki zimekatika.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hata kama ningempiga yule mzee, kinga ya Agizo la 17 ingenifunika. Kumbe kinga ile ilikuwa imekwisha. Makubaliano kati ya Iraki na Marekani yaliyoanza kutumika Januari 1, 2009 yaliwarudisha wakandarasi chini ya mahakama za Iraki, na mimi nilifika Agosti mwaka huo huo. Wakala hakuniambia, kampuni haikuniambia. Ningeweza kufungwa Baghdad maisha, na nchi yangu ingehitaji kwanza kuulizia kama kweli kuna Mkenya wa jina langu kule.

3. Bima niliyoisikia ikiwa imepita

Hapa ndipo panapouma zaidi, kwa hivyo univumilie.

Machi 2010 kambi yetu ilipigwa makombora asubuhi wakati wa kubadilishana zamu. King'ora kililia nikiwa katikati ya ngazi ya mnara. Kombora la pili lilianguka nyuma ya ukuta wa zege, likanitupa chini. Goti la kulia lilivunjika na sikio la kushoto halijasikia tangu siku hiyo. Nilitibiwa kambini majuma matatu, kisha nikapewa tiketi na karatasi inayosema mkataba wangu "umekamilika". Nairobi, wakala aliniambia bima ni ya walio kazini, na mimi si wa kazini tena. Niliondoka ofisini kwake kwa mkongojo.

Mwaka 2014 yule mzee Mganda alinipigia simu kutoka Mbarara. Aliniuliza, "Wewe ulilipwa ngapi ya mguu?" Nikamuuliza, ya mguu gani? Ndipo akanieleza kwamba Marekani ina sheria tangu 1941 inayomlazimu kila mkandarasi wa serikali yake anayefanya kazi nje ya nchi kuwakatia bima wafanyakazi wake, wa taifa lolote wawe, mpishi awe mpishi, mlinzi awe mlinzi. Ukiumia, utibiwe na ulipwe theluthi mbili za mshahara wako wakati huwezi kufanya kazi. Ukifa, mjane na watoto walipwe. Ila umjulishe mwajiri ndani ya siku 30, na udai ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa minne.

Na hata anayewahi anakuta jambo jingine ndani ya sheria hiyo. Mgeni asiyeishi Marekani aliyepata ulemavu wa kudumu, au familia yake akifa, bima inaruhusiwa kuomba kumlipa kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo ni nusu ya thamani ya malipo aliyostahili. Nusu, Mheshimiwa, imeandikwa. Kulijadili hilo na Wamarekani ni kazi ya serikali. Mlinzi wa Gilgil hawezi.

Nafahamu wenzangu wawili ambao familia zao hazikudai chochote. Mmoja mjane wake anauza mboga Naivasha. Nilipomweleza habari ya bima alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuna watu serikalini waliokuwa wakiijua. Sikuwa na la kumjibu, Mheshimiwa. Labda wewe utamjibu.

4. Mlinzi leo, askari wa vita kesho

Maneno "eneo lolote la kazi" yana mwisho wake, na tumeuona. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, vijana wa Sudan zaidi ya 390 walioajiriwa na kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu kama walinzi wa maduka na hoteli walijikuta Ras Lanuf, Libya, kambi moja na wapiganaji. Tanzania ilimzika kijana wake mwaka 2023: mwanafunzi aliyefungwa Urusi, akaahidiwa msamaha akipigana upande wa Wagner, kundi la mamluki la Urusi, akafia Ukraine Oktoba 2022. Nasi Septemba 2025 polisi wetu waliwatoa zaidi ya vijana ishirini katika nyumba za kukodi Athi River wakisubiri kupelekwa Urusi, na Novemba serikali yenyewe ikasema zaidi ya Wakenya 200 huenda wako katika vita vile.

Kanuni yetu ya Adhabu inamkataza Mkenya kujiunga na jeshi la nchi nyingine bila idhini ya Rais. Sawa. Lakini aliyekwenda kama dereva au mlinzi, akavishwa magwanda akiwa kule, atarudi vipi kuomba msaada kwenye ubalozi wenye haki ya kumwita mhalifu?

5. Wanaorudi

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa si lepesi kulisema. Wanajeshi wana hospitali yao. Sisi tuliopigwa makombora chini ya kampuni hatuna pa kwenda. Mke wangu alijifunza kutoniamsha kwa kunigusa.

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayotolewa, maana nimeshayasikia kwenye foleni.

Litasemwa kwamba tulikuwa watu wazima na tulitia sahihi wenyewe. Ni kweli, tulitia. Yaya anayekwenda Riyadh naye ni mtu mzima, lakini serikali iliona haja ya kuandikiana mikataba ya kazi na nchi za Ghuba kwa ajili yake. Sioni kwa nini anayepewa bunduki aangaliwe kidogo kuliko anayepewa ufagio.

Litasemwa kwamba kampuni ni za kigeni na mkono wetu haufiki. Afrika Kusini ilisema mkono wake utafika. Baada ya Executive Outcomes, kampuni ya kijeshi ya huko, kupigana Angola na Sierra Leone, ilitunga sheria mwaka 1998 inayomtaka kila raia na mkaazi wake aombe idhini kabla ya kutoa huduma za kijeshi nje. Mwaka 2005 Mark Thatcher, mwana wa aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikiri kosa chini ya sheria hiyo na kutozwa faini ya randi milioni 3. Haikuwazuia Waafrika Kusini wote kwenda Iraki, wala siisifu kupita kiasi. Lakini mkono ulifika. Na wakala wetu yuko hapa hapa Nairobi, analipa kodi ya ofisi, simu yake inapatikana.

Tusitegemee pia kwamba dunia itatusimamia. Hati ya Montreux ya Septemba 2008, iliyoanza na nchi 17, inaeleza wajibu wa nchi inayokodi kampuni, nchi ambako kazi inafanyika, na nchi ambako kampuni imesajiliwa. Baada ya hao limewekwa fungu la "nchi nyingine zote". Nchi inayotoa watu wa kusimama mnarani imo humo, kwenye mengineyo. Na hati yenyewe haimfungi mtu.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba tukibana, vijana watakosa kazi na nchi itakosa hela. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na hata zangu za mnarani zilisomesha wadogo zangu wawili. Kwa hivyo siombi marufuku. Marufuku itawapeleka vijana kwenye nyumba za Athi River, usiku, bila hata leseni ya kwenye fremu. Naomba usimamizi.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, leseni ya pekee kwa wakala anayepeleka watu kwenye kazi ya silaha au kwenye nchi yenye vita, na dhamana ya fedha iwekwe benki ili wakala akitoroka, watu warudishwe nyumbani kwa fedha hizo.

Pili, mkataba uletwe serikalini na upewe mlinzi kwa Kiswahili siku 14 kabla ya safari. Useme kazi, mahali, silaha, mshahara, na sheria ya nchi gani itamhukumu akifyatua risasi. "Eneo lolote la kazi" lifutwe.

Tatu, ukurasa mmoja wa bima. Jina la kampuni ya bima, nambari ya hati, nani adai, na ndani ya siku ngapi. Ukurasa huo upewe mlinzi na mwingine upewe mkewe au mzazi wake. Kati ya yote ninayoyaomba, huu ndio wa bei rahisi zaidi, na ungenitosha mimi.

Nne, daftari la kila Mkenya aliyepewa kazi ya silaha nje, na idadi yao itangazwe bungeni kila mwaka: waliokwenda, waliorudi, walioumia, waliokufa.

Tano, dawati moja, hata la karani mmoja, litakalopokea madai ya zamani ya walinzi na wajane, na kusema na Wamarekani kwa niaba yetu, likiwamo hilo la nusu.

Sita, anayerudi akisema alidanganywa akaingizwa vitani asikizwe kwanza kama shahidi dhidi ya wakala wake.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitafika ofisini kwako na faili langu la kijani. Ndani mna mkataba, karatasi ya kutibiwa kambini, tiketi ya kurudi, na zile nakala tatu. Mama wa Naivasha amesema atafunga kibanda chake siku hiyo aje nami. Kuna viti viwili kwenye ukumbi wako wa mapokezi karibu na dirisha, navijua vizuri, tutakaa hapo. Safari hii sitahitaji muhuri.

Wako mwaminifu,

Koplo mstaafu, mlinzi wa zamani
Gilgil